Ramani ya Mfumaji

Msomaji, kabla ya kuendelea na maneno haya, tazama kwanza nguo uliyovaa. Ikiwa ni kaptura au suruali ya kaki, au ikiwa ni jinzi, isogeze karibu na macho yako nawe utaona mistari myembamba iliyolala upande, mithili ya mvua ipeperushwayo na upepo. Ukiitazama kanga ya mama yako hutaiona mistari hiyo. Utaona nyuzi zilizopandana moja juu na moja chini, kama vyumba vya ubao wa dama. Uzi wa nguo hizo zote ni pamba. Tofauti yao haikutoka katika pamba, ilitoka katika mpango. Mtu fulani, mahali fulani, aliamua uzi upi upite juu na upi upite chini. Akaliandika shauri lake, na mwingine akalisoma na kulifuata. Nguo uliyovaa ni jibu la maandishi usiyopata kuyaona.

Nataka tuzungumze juu ya maandishi hayo na juu ya mtu ayasomaye, kwa sababu ndani yake mna swali lisilowahusu wafumaji peke yao. Swali lenyewe ni hili: mtu afuataye mpango uliofanywa na mwingine, je, ni mtumwa wa huyo mwingine, au aweza kuwa mtu huru? Wewe uliye mwanafunzi unaishi katikati ya mipango ya watu wengine. Kengele hukuamsha, ratiba hukuongoza, kanuni za hesabu hukuamuru uanze hapa na uishie pale. Yamkini umepata kujiuliza katika moyo wako, Ni lini nitafanya jambo lililo langu? Swali hilo si la utovu wa adabu. Ni swali la haki, na lastahili jibu. Sitakujibu kwa maneno matupu. Nitakupeleka kwanza kwenye kitanda cha mfumi.

Kitanda cha mfumi ni mtambo wa miti. Kazi yake ya kwanza ni kushika nyuzi nyingi zilizonyoshwa sambamba toka nyuma hata mbele, zikiwa zimekazwa sawasawa. Nyuzi hizo huitwa mtande. Uzi upitishwao kati yao, kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kurudi tena, huitwa mshindio. Lakini mshindio hauwezi kupita iwapo nyuzi za mtande zimelala zote pamoja. Ni lazima baadhi ziinuke na nyingine zibaki chini ili pawe na njia. Kwa sababu hiyo kila uzi wa mtande hutiwa katika kitanzi kidogo, na vitanzi hutundikwa katika fremu. Mtambo wa kawaida wa wanaoanza una fremu 4. Chini yake mna makanyagio yaliyofungwa kwa kamba na fremu hizo. Mfumaji akikanyaga, fremu huinuka pamoja na nyuzi zake, njia hufunguka, mshindio hupita, kisha chanuo huvutwa mbele kuusukuma uzi mpya ukae karibu na wenziwe. Hayo hurudiwa mara mia, mara elfu, na kitambaa hukua.

Ramani ya mfumaji huonyesha mambo hayo yote katika karatasi yenye miraba. Mtu aionaye mara ya kwanza hudhani ni mchezo wa watoto au fumbo la gazetini. Ina sehemu 4. Sehemu ya kwanza, ambayo mara nyingi huwekwa juu, ni habari ya mtande: kila safu ya wima ni uzi mmoja, na mraba uliotiwa alama huonyesha uzi huo utiwe katika kitanzi cha fremu ya ngapi. Sehemu ya pili ni mraba mdogo wa pembeni, nao hueleza kila kanyagio lifungwe na fremu zipi. Sehemu ya tatu hushuka kando ya karatasi, nayo hueleza makanyagio yakanyagwe kwa utaratibu gani, mstari kwa mstari. Sehemu ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, ni picha ya kitambaa kitakavyokuwa: mraba mweusi ni mahali uzi wa mtande ulipopita juu, na mraba mweupe ni mahali mshindio ulipopita juu.

Angalia sasa jambo moja linaloweza kukushangaza. Sehemu ya nne haiongezi habari yoyote. Yote yaliyomo yamekwisha kusemwa na zile 3 za kwanza. Mtu ajuaye kusoma aweza kuifunika picha kwa mkono, akachukua karatasi tupu na penseli, akaichora upya bila kuiona. Mtu asiyejua hawezi. Kwake yeye picha ni picha tu, na alama ni alama tu, wala hapana daraja kati yake.

Tufanye mfano. Chukua karatasi ya hesabu yenye miraba, maana jambo hili halieleweki kwa masikio peke yake. Tia nyuzi za mtande kwa utaratibu wa 1, 2, 3, 4, kisha 1, 2, 3, 4 tena, hata mwisho wa upana. Funga kanyagio la kwanza na fremu ya 1 na ya 2. La pili na ya 2 na ya 3. La tatu na ya 3 na ya 4. La nne na ya 4 na ya 1. Kisha kanyaga la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na kuanza upya. Katika mstari wa kwanza utapaka weusi nyuzi za 1 na 2, utaacha 3 na 4, utapaka tena mbili, utaacha mbili. Katika mstari wa pili utapaka za 2 na 3. Jozi nyeusi imesogea hatua moja. Katika mstari wa tatu husogea tena, na wa nne vivyo hivyo. Ukisogeza macho mbali na karatasi utaona mistari iliyolala upande, ndugu ya ile uliyoiona katika kaki yako. Sasa usibadili kitu katika mtande wala katika kamba. Badili hatua za miguu tu. Kanyaga 1, 2, 3, 4, kisha rudi 3, 2, na kuanza tena. Mistari itakwenda upande mmoja, itafika mahali, itageuka na kurudi kama njia ipandayo mlima kwa kona. Mtande ni ule ule, lakini kitambaa ni kingine.

Liko jambo jingine ambalo humsumbua sana mwanzilishi. Ramani hazikuandikwa zote kwa desturi moja. Nyingine husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na nyingine kinyume chake. Wako wanaoweka habari ya mtande juu, na wako, kama katika nchi za kaskazini ya Ulaya, wanaoiweka chini. Tena iko mitambo ambayo kanyagio huinua fremu, na iko ambayo kanyagio huzishusha. Mtu akiisoma ramani ya kushusha kama kwamba ni ya kuinua, atafuma kitambaa kilichopinduliwa: uso aliouona katika picha utakuwa chini, asikoweza kuuona, na juu utakuwa mgongo. Wafumaji wawili waweza kubishana juu ya karatasi moja mchana kutwa, kila mmoja akimwona mwenziwe mjinga, kumbe wote wawili wamesoma vizuri, ila hawakuulizana kwanza alama ile ina maana gani kwa aliyeiandika. Nadhani mabishano mengi ya wanadamu ni ya namna hiyo. Tunaona uso na mgongo wa kitambaa kimoja, na kila mtu huapa kwamba wake ndio kitambaa.

Baada ya maelezo hayo, turudi kwenye swali letu. Wako watakaosema kwamba mfumaji afuataye ramani hana lililo lake. Watatoa mfano wa mabibi zetu wa pwani wasukao mikeka. Bibi huketi barazani na ukindu uliotiwa rangi, vidole vyake vikasuka ukili mrefu, na maua huchomoza katika ukili huo ingawa mbele yake hapana karatasi wala kipimo. Huyo, watasema, ndiye fundi huru. Ujuzi wake umo ndani yake, si nje. Mfumaji wa ramani ni kama mwimbaji aimbaye huku amekodolea macho kitabu.

Hoja hiyo ina uzuri, lakini naona imesahau jambo. Bibi huyo naye alifundishwa. Alipokuwa mtoto aliketi karibu na mama yake au nyanya yake, akafuata vidole vya mwingine hatua kwa hatua, akakemewa, akafumua, akasuka tena. Ramani yake ilikuwa mtu. Tofauti yake na mfumaji wetu si kwamba mmoja alifuata na mwingine hakufuata. Wote wawili walifuata. Basi kufuata si alama ya utumwa. Hapana fundi duniani aliyeanza pasipo kufuata, kama vile hapana asemaye lugha ambaye hakuipokea kwa wengine. Yatupasa kuutafuta utumwa mahali pengine.

Tuutafute katika mashine. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Lyon, Ufaransa, fundi mmoja aitwaye Joseph-Marie Jacquard alitengeneza mtambo usomao ramani wenyewe. Ramani yake ilitobolewa katika kadi ngumu. Palipo na tundu sindano hupita, na pasipo na tundu huzuiwa, na kwa njia hiyo nyuzi zipasazo huinuka. Mtambo huo ulijulikana tangu mwaka 1804, na fikira ya kadi zake ilimvutia baadaye Mwingereza Charles Babbage alipobuni mashine ya kufanyia hesabu, iliyo katika nasaba ya kompyuta za leo. Mtambo wa Jacquard hufuata ramani vizuri kuliko mimi na wewe. Hauchoki, hausinzii, hausahau. Lakini kadi ikitobolewa vibaya, mtambo utalifuma kosa hilo kwa uaminifu ule ule unaofumia ua. Utalifuma leo na kesho na mwaka ujao, wala hautasita. Hapo naona ndipo palipo mpaka tunaoutafuta. Mtumwa wa ramani si yule aifuataye, bali ni yule aifuataye asiweze kujua kwamba amekosa.

Nalijua jambo hili kwa hasara yangu mwenyewe, nami nitakusimulia, si kwa kuwa habari ni kubwa, bali kwa kuwa ni ya kweli. Nilipoanza kufuma nilikusudia kumpa mama yangu kitambaa cha meza, upana wa sentimeta 40 na urefu wa meta 2, cha mistari ya upande kama ile tuliyoichora. Nyuzi 4 katika kila sentimeta moja, basi jumla ya mtande ilikuwa nyuzi 160. Nilikuwa na haraka. Sikuisoma ramani, nilizisoma tarakimu zake tu, 1, 2, 3, 4, kama mtoto akariri sala asiyoijua maana. Usiku ulikuwa umeendelea nilipofika katikati, na mahali hapo, pasipo kujua, nilitia uzi wa 62 katika fremu ya 3 na uzi wa 63 katika fremu ya 2. Nilibadilisha majirani wawili tu kati ya 160.

Kesho yake nilianza kufuma. Nilikwisha kufuma sentimeta 30, yaani nilikwisha kupitisha mshindio mara 120, ndipo nilipoona mstari mwembamba kama mkwaruzo, uliotoka mwanzo wa kitambaa ukaja moja kwa moja hata mahali nilipofika. Kwanza niliulaumu uzi. Kisha niliulaumu mtambo. Mwisho niliilaumu ramani, nikasema imechapwa vibaya. Fundi aliyekuwa akinifunza, mzee mwenye maneno machache, alikuja akainama, akatazama, asiguse kitu.

“Mwanangu,” akasema, “nichoree mahali hapa palivyo. Usichore palivyopasa kuwa, chora palivyo.”

Nikachora. Nilihesabu nyuzi, nikapaka weusi na weupe kama macho yangu yalivyoona, mistari 4. Mahali pengine pote jozi nyeusi ilisogea hatua moja moja. Hapo iliruka ikavunjika. Nikawa sasa nasoma ramani kwa kurudi nyuma, kutoka katika kitambaa kwenda katika fremu: uzi huu umeinuka kwa kanyagio la 1 na la 4 peke yake, basi u katika fremu ya 1, huu umeinuka kwa la 2 na la 3, basi u katika ya 3, lakini ulipasa kuwa katika ya 2. Nilipofika hapo sikuhitaji kuambiwa. Siku ile, na si siku nilipopewa karatasi, ndiyo siku niliyojifunza kusoma.

“Nimeona, Mzee,” nikasema. “Kosa ni langu.”

“Utafanya nini?” akauliza, akaenda zake bila kungoja jibu.

Hapa, msomaji, ndipo swali la ufahamu lilipogeuka kuwa swali la wema na ubaya. Kabla ya kuchora ningaliweza kuendelea kwa moyo safi, maana sikujua. Baada ya kuchora sikuweza tena kusema sikujua. Moyo wangu ulinipa sababu nyingi. Ulisema, mstari ni mwembamba, hautaonekana. Ulisema, mama si mfumaji. Ulisema, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, naye atakisifu kitambaa hata kama kina matundu. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yake. Lakini nilifikiri juu ya sentimeta 170 zilizobaki. Kila mara ambayo ningepitisha mshindio ningekuwa nalifuma lile kosa upya, nikilijua. Halingekuwa tena kosa moja la usiku mmoja. Lingekuwa makosa 680, na kila moja lingekuwa la kukusudia.

Nilifumua. Kufumua kuna taabu kuliko kufuma. Nilitumia jioni 2 kuuondoa mshindio ule uzi baada ya uzi, kisha nikazichomoa nyuzi 2 za mtande na kuzirudisha mahali pake. Mama alipokipokea kitambaa alisifu rangi yake. Habari ya mstari hakuijua, wala sikumwambia.

Katika kazi hiyo nilijifunza kupambanua makosa ya namna mbili, nami napenda uyapambanue nawe. Kosa la mshindio hutokea mguu ukikanyaga pasipo pake. Hukaa katika mstari mmoja, hukata kitambaa kwa upana, kisha huisha. Ukiliona mapema hurudi nyuma hatua moja ukalisahihisha. Kosa la mtande ni la namna nyingine. Hufanyika kabla ya kazi kuanza kuonekana, na likiisha kufanyika hurudiwa katika kila mstari, hata mfumaji akikanyaga bila dosari. Huwezi kulitibu kwa kukazana. Ukifuma kwa bidii zaidi utalirefusha tu. Ni lazima usimame na urudi mwanzo.

Maisha ya mtu yana makosa ya namna hizo mbili. Mwanafunzi asemaye neno la hasira leo amefanya kosa la mshindio. Kesho ataomba radhi, na kitambaa kitaendelea. Mwanafunzi azoeaye kunakili hesabu za mwenziwe ametia nyuzi zake vibaya. Atapata alama nzuri leo na muhula ujao, lakini kila somo lijengwalo juu ya lile asilolijua litakuwa na mkwaruzo ule ule, na bidii yake haitamfaa kitu mpaka akubali kufumua. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wafumaji wangeweza kuongeza kwamba kwanza ni lazima uwe umejifunza kuuona ufa.

Najua wako watakaonipinga. Watasema nimelifanya jambo dogo kuwa kubwa, na kwamba kitambaa cha mkono hupata uzuri wake katika upungufu. Husimuliwa hata kwamba wako mafundi wa mazulia waachao kosa moja kwa makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Sibishani na unyenyekevu huo. Lakini mwanadamu hana haja ya kujitahidi ili apate kukosa. Kosa humjia bila kualikwa. Katika kitambaa changu mna kosa jingine hata leo. Karibu na mwisho niliruka kanyagio la 3, na sikuliona mpaka kitambaa kilipokwisha kukatwa mtamboni. Kosa hilo halinisumbui. Nililifanya kwa udhaifu, nikalijua wakati dawa imekwisha. Kosa la mtande nililijua wakati dawa ikali mkononi mwangu. Tuna udhuru kwa upungufu tusiouona. Kwa ule tulioukodolea macho tukaupita, hatuna.

Wengine watanipinga kwa njia nyingine. Watasema, mwanafunzi na mfanyakazi hawakuandika ramani. Kazi yao ni kufuata, na lawama ni ya aliyeandika. Hoja hii ndiyo niiogopayo zaidi, kwa sababu imetumika katika mambo makubwa kuliko vitambaa vya meza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakuu wa utawala wa Kinazi walishitakiwa katika mahakama ya Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1945 na 1946. Sheria iliyoiunda mahakama hiyo ilisema wazi kwamba kutenda kwa amri ya mkubwa hakumwondolei mtu dhima ya alilotenda, ingawa kwaweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu. Ulimwengu ulikuwa umejifunza kwa damu nyingi jinsi watu wawezavyo kuwa kama kadi na sindano, kila mmoja akifuma uzi wake kwa uaminifu, pasiwe na hata mmoja aliyekubali kwamba picha ni yake. Mahali palipo na amri, yeye aliyefahamu hana ruhusa ya kujifanya mtambo.

Kwa hiyo naona tumelipata jibu, nalo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba asomaye ramani kwa kuifahamu huingia katika dhima. Hawezi tena kusema, “Ilikuwa imeandikwa hivyo.” Upande wa pili ni kwamba mtu huyo huyo, na kwa sababu hiyo hiyo, huingia katika uhuru. Kumbuka mfano wetu wa kwanza: kwa kubadili hatua za miguu tu ulipata kitambaa kipya. Ukifunga makanyagio mengine 2, moja na fremu ya 1 na ya 3, na jingine na ya 2 na ya 4, mtande ule ule utakupa kitambaa kama cha kanga. Hayo yote yamo katika ramani moja, lakini mtu azisomaye tarakimu peke yake hatayaona kamwe. Uhuru wa kubadili na wajibu wa kusahihisha hupita katika mlango mmoja, na mlango wenyewe ni ufahamu. Wengi hupenda kupewa uhuru bila wajibu. Sijaona mtambo ufumao hivyo.

Yafaa pia kuwakumbuka walioziandika ramani hizo. Kwa muda mrefu katika Ulaya elimu ya ufumaji ilifichwa sana ndani ya vyama vya mafundi, baba akimwachia mwanawe. Mwaka 1677 mfumaji Marx Ziegler alitoa kitabu cha ramani katika mji wa Ulm, Ujerumani, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake kuchapwa. Huko Marekani wafumaji wa zamani waliandika ramani zao katika vipande virefu vya karatasi, wakavibandika mbele ya mtambo, na kuchoma pini mahali walipofika ili wasipotee. Katika karne ya 20 Mary Meigs Atwater alikusanya ramani za zamani na kuzitoa tena katika kitabu chake cha mwaka 1928. Karatasi hizo zikishikwa juu ya mwanga, huonyesha matundu ya pini. Kila tundu ni mahali ambapo mtu mmoja, jina lake limesahauliwa, alisimama akaenda kupika au kumbembeleza mtoto, kisha akarudi. Elimu ikaayo mikononi peke yake huondoka na mikono. Iliyoandikwa huweza kungoja miaka mia mpaka apatikane wa kuisoma. Basi afuataye ramani kwa ufahamu hamtumikii bwana. Anaitikia salamu ya mtu aliyetaka asikiwe.

Nakuomba, msomaji, ujaribu jambo moja kabla ya juma hili kwisha. Chagua kanuni moja uliyopewa darasani, ambayo umeifuata siku nyingi na ambayo imekupa majibu sahihi. Funika jibu, kama mfumaji afunikavyo picha ya kitambaa. Chukua karatasi tupu, ujaribu kuifikia picha hiyo kwa akili yako mwenyewe, hatua kwa hatua. Ukifika, kanuni hiyo ni mali yako, nawe waweza kuitumia, kuitetea, na siku moja pengine kuibadili. Usipofika, usione haya na usiendelee kufuma. Rudi ukahesabu nyuzi.